Pima kabla hujasafisha: kituo cha hali ya hewa katika bonde la mpunga, Pemba

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni bwana shamba kaskazini ya Pemba, kwenye bonde la mpunga lililopakana na mikoko. Mradi mmoja ulituwekea kituo kidogo cha hali ya hewa kinachojirekodi chenyewe, ukatufundisha kusoma namba kwenye simu, kisha muda wake ukaisha. Huu ni mwaka wa tatu hakijaguswa. Kipimamvua kinaonesha mvua ndogo kuliko tunayoiona kwa macho. Unyevuanga umeganda kwenye asilimia 100, usiku na mchana. Na kihisi cha udongo kinasema udongo umejaa maji hata pale unapopasuka. Wakulima wameshaanza kukipuuza. Ushirika wetu una fedha kidogo. Jee, tununue vihisi vipya, au tukikisafisha kitarudi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, bwana shamba.

Fedha za ushirika ziwekeni kwanza. Katika matatizo matatu uliyoyataja, la mvua naona ni uchafu, la unyevuanga ni chumvi ya bahari, na la udongo huenda si ubovu hata kidogo. Huenda kihisi hicho kinakuambieni habari ya bonde lenu ambayo ni nzito kuliko hiyo ya mvua. Nitafika huko.

Lakini kabla hujashika kitambaa na ndoo ya maji, nakuomba jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau: pima kwanza kosa la kila kifaa kama kilivyo sasa, na uchafu wake vile vile. Mkisafisha leo, kesho kituo kitasoma vizuri, lakini namba zote za miaka hiyo mtakuwa mmezitupa, kwa sababu hakuna atakayejua tena zilikuwa zimekosea kwa kiasi gani. Mkipima kosa kabla ya kuliondoa, namba nyingi za nyuma zinaweza kurekebishwa. Mvua ya masika ya mwaka juzi hairudi kunyesha ili mtu aipime upya. Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya picha, daftari na majaribio. Usafi ni siku ya pili.

Piga picha za kituo kutoka pande zote nne, kisha kila kifaa kwa karibu: faneli ya mvua kwa juu, kiputo cha pima maji (kile kinachoonesha kama chombo kimekaa sawa) kama kipo, vioo, waya, na ndani ya sanduku la loga, yaani kile chombo kinachohifadhi vipimo. Geuka pia upige picha za mazingira. Migomba iliyokuwa machipukizi wakati kituo kinasimikwa sasa huenda imekipita urefu, na mti unaokinga upepo na mvua unaharibu vipimo bila kukigusa chombo. Kanuni tunayoitumia ni kuwa kitu chochote kirefu kikae mbali na kipimamvua angalau mara mbili ya urefu wake. Mnazi wa mita 20 usikaribie chini ya mita 40. Ikiwezekana mara nne, bora zaidi.

Sasa tuje kwenye mvua yenyewe, maana hapo ndipo penye kazi.

Kipimamvua cha kujirekodi kina faneli juu, na ndani yake vikombe viwili vidogo vilivyokaa kama pembea. Kimoja kikijaa kinapinduka, kinamwaga maji, na mwenziwe anaanza kupokea. Kila mpinduko sumaku ndogo inapita mbele ya swichi, na loga inaandika mvua ya milimita 0.2, au kiwango chengine kilichoandikwa kwenye lebo. Hapo unaona ni wapi pa kuharibika: tundu la faneli linaziba, vikombe vinashika ukoga au utando wa buibui, chombo kinainama, au waya unatafunwa na panya.

Kwa Pemba mtu wa kwanza kumshuku ni kunguru. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, na mlingoti mrefu peke yake katikati ya bonde kwao ni kiti. Wanachokiacha kwenye faneli, pamoja na majani na vumbi, kinatosha kuziba tundu lisilozidi upana wa penseli.

Jaribio lake ni hili. Pima kipenyo cha mdomo wa faneli kwa rula. Tuseme ni sentimita 20; eneo lake basi ni sentimita za mraba 314, na mvua ya milimita 0.2 juu ya eneo hilo ni mililita 6.28 za maji. Ukimwaga mililita 628, loga inatakiwa kuhesabu mipinduko 100, ambayo ni mvua ya milimita 20. Kipenyo kikiwa tofauti, fanya hesabu hiyo hiyo kwa kipenyo chako. Maji yapime kwa bomba la sindano kubwa au mzani wa jikoni, gramu moja ikiwa ni mililita moja. Yasimwagwe kwa mkupuo, kwani vikombe vinapopinduka haraka hupoteza maji katikati na hesabu huwa pungufu hata kama chombo ni kizima. Njia rahisi niijuayo ni mrija wa dripu kutoka duka la dawa: tundika chupa juu ya faneli, legeza gurudumu, yaache maji yadondoke kwa saa nzima. Nusu saa ndiyo ya chini kabisa.

Andika ulichopata. Kati ya 97 na 103, chombo hakina neno. Ikiwa ni 85, umeshajua kosa. Andika pia maji yalipita vipi: yalituama kwenye faneli? Yaliendelea kudondoka muda mrefu baada ya chupa kwisha? Na usisahau kuandika saa uliyoanza na saa uliyomaliza, ili mvua hiyo ya milimita 20 uliyoitengeneza mwenyewe ifutwe kwenye kumbukumbu. Nimeona jedwali za mvua zenye siku za kaskazi kavu kabisa zilizopewa milimita kadhaa, kumbe fundi alikuwa anaosha chombo.

Tundu lililoziba nusu lina alama yake kwenye data, na alama hiyo itakusaidia kujua lilianza lini. Mvua ya masika hushuka kwa nguvu na kukoma. Kwenye grafu utaona mlima mkali. Faneli iliyoziba huyapokea maji hayo yakakaa, kisha yakavuja pole pole, na kwenye grafu utaona manyunyu ya kiasi kile kile kwa saa sita, saa nane, usiku kucha. Fungua data za nyuma, tafuta siku ya kwanza yenye umbo hilo. Kabla ya siku hiyo namba zenu ni salama. Baada yake, jumla za siku za mvua ndogo zinaweza kuwa karibu na ukweli, lakini za mvua kubwa zimepungua, kwani faneli ilifurika.

Usione ni jambo dogo. Pemba hupata wastani wa milimita 1,900 hivi kwa mwaka. Chombo kinachopunguza asilimia 15 kinakuficheni milimita 285, na kwa bonde linalotegemea mvua hesabu hiyo inabadilisha siku ya kuatika na aina ya mbegu.

Baada ya hapo ndipo usafishe: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki wa zamani. Ndani ya vikombe usipake mafuta wala usipapase kwa vidole, kwani mafuta huyafanya maji yang'ang'anie yasimwagike yote. Weka pima maji juu ya mdomo wa faneli, kaza bolti mpaka itulie sawa, rudia jaribio la dripu, andika namba mpya pembeni ya ile ya zamani. Na kitu kimoja nunueni kweli, maana ni rahisi: kipimamvua cha mkono, kile cha plastiki. Kisimikwe mita moja au mbili pembeni, na mtu mmoja akisome kila siku saa 3 asubuhi. Hicho ndicho kitakachowaambia siku ile ile chombo cha umeme kinapoanza kukosea, badala ya kugundua baada ya miaka miwili.

Unyevuanga. Asilimia 100 kabla ya alfajiri wakati wa masika si ajabu. Asilimia 100 saa 8 mchana wakati wa kaskazi ni ubovu, hilo halina mjadala. Kihisi hiki ni utando mwembamba unaovuta unyevu, na juu yake kuna kikofia cha kichujio. Upepo wa bahari huleta chembe za chumvi zinazokaa juu ya kikofia, chumvi inavuta maji, na kihisi kinaishi ndani ya unyevu wake chenyewe bila kujua nje kukoje.

Dawa ya kukipima mnayo jikoni. Chumvi ikichanganywa na maji kidogo tu, ikawa uji mzito ambao punje zake hazijayeyuka zote, hewa iliyofungiwa juu yake hutulia kwenye asilimia 75, iwe joto ni nyuzi 25 au 30. Tumia chumvi ya pakiti iliyosafishwa. Ile ya mawe inayokaushwa pwani ina chumvi nyengine ndani yake na itakupa namba ya chini. Weka uji huo chini ya mtungi wa plastiki wenye mdomo mpana, ning'iniza kihisi juu yake bila kugusa, ziba mdomo na waya kwa utepe, uache kivulini, ndani ya nyumba, usiku mzima. Asubuhi soma. Kikiwa 72 mpaka 78, kihisi kizima na kosa lilikuwa kwenye kikofia. Kikisoma 85, kimehama, na sasa unajua kimehama kwa kiasi gani. Kikibaki 100, kimekufa. Huo ndio ununuzi wa pili ninaouruhusu, na mara nyingi kinachouzwa ni kile kipande cha ndani tu, si kifaa kizima. Karibu na bahari kitegemeeni kubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Fanya jaribio hilo kabla na baada ya kuosha kikofia. Kioshe kwa maji yaliyokenekwa, na hapa tahadhari: madukani "maji ya betri" ni jina linalopewa maji safi na asidi pia. Soma chupa. Na msipulize dawa ya wadudu karibu na kihisi hiki, hata kama nyigu wamejenga ndani ya zile sahani nyeupe zinazokikinga. Mvuke wa dawa unauharibu ule utando moja kwa moja. Nyigu waondoeni usiku kwa kijiti, na sahani zioshwe mpaka zirudi weupe, kwani zikishika uchafu hunywa joto la jua na kipimajoto kinapandisha.

Sasa udongo, na hapa naomba usome taratibu.

Udongo unaopasuka ukikauka ni kinamo, na kinamo ndio unaovisumbua zaidi vihisi vya aina hii. Kihisi hakioni maji. Kinapima namna udongo unavyoitikia umeme, kisha kinakisia maji. Udongo ukijitenga na kihisi kukabaki ufa, kinapima hewa na kusoma ukavu kupita kiasi. Chenu kinafanya kinyume: kinasoma maji mengi. Sababu ni mbili tu za kuzifikiria. Ama maji yameingia kwenye kiungo cha waya, ama udongo umeingia chumvi, na chumvi huipandisha namba hata kama maji ni machache.

Kabla hujakichimbua, fungua data na kalenda ya mwezi. Angalia miezi isiyo na mvua. Ikiwa namba inapanda siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, inashuka katikati, kisha inapanda tena, basi kinachopanda na kushuka ni bamvua (maji makubwa ya bahari) na maji mafu (maji madogo). Bahari inaingia bondeni kwa chini, kupitia kwenye mkondo wa mikoko. Maji ya bamvua pwani zetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na mabonde kadhaa ya mpunga ya Pemba yameshapoteza ardhi kwa njia hiyo. Kiungo cha waya kilicholowa hakina habari na mwezi. Kitaruka ruka ovyo, au kitaganda namba moja.

Ukishaangalia, chukua sampuli. Tafuta kopo la chuma au kipande cha bomba unachojua ujazo wake, tuseme sentimita za ujazo 100, likandamize kwenye udongo pembeni ya kihisi kwa kina kile kile, ulitoe limejaa bila kuubana udongo. Upime uzito wa udongo huo, ukaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, uupime tena. Ukiwa gramu 152 ulipokuwa mbichi na 120 ukikauka, maji yalikuwa gramu 32, yaani asilimia 32 ya ujazo. Linganisha na loga ilichoandika saa ile ile. Maabara ya skuli ya sekondari yenye oveni inatosha. Ikishindikana, watu wa utafiti wa kilimo wa Zanzibar wanalijua jaribio hili vizuri. Fanya mara tatu: udongo umelowa, umekauka, na katikati. Kwa namba hizo tatu mtakuwa na mstari wa kusahihisha unaowafaa nyinyi, wa kinamo chenu na chumvi yake. Ule wa kiwandani haukutengenezwa kwa bonde lenu.

Ikithibitika ni bahari, hapo ndipo ningezielekeza fedha za ushirika: kwenye kipima chumvi cha mkononi. Mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha namna chumvi inavyopitisha umeme), na kila desisimensi inayozidi hapo hukata kiasi cha asilimia 12. Bahari yenyewe ni zaidi ya 50. Kipima hicho nacho kipimeni kila mara mnapokitumia kwa maji ya kusahihishia, yale yanayosoma mikrosimensi 1,413 kwa sentimita, yaani desisimensi 1.413 kwa mita. Kituo kizima hakitakufaeni kama hamjui chumvi ya udongo wenu ni kiasi gani.

Mengine nayapitia kwa haraka. Betri ipime alfajiri kabla jua halijatoka: volti 12.6 ni nzuri, chini ya 12.2 inachoka, na joto la ndani ya sanduku ndilo linaloiua mapema. Paneli ya jua huku kwetu ielekee kaskazini kwa mlalo mdogo wa nyuzi 10 au 15 ili mvua iioshe. Mafundi wanaofuata vitabu vya Ulaya huielekeza kusini. Kioo cha kipima jua kifutwe kwa maji na kitambaa laini tu. Vikombe vya upepo visikilize: vikikwaruza, chumvi imeingia kwenye beringi. Bolti zote ziwe za chuma kisichoshika kutu, na zipakwe mafuta mazito kabla ya kukazwa, la sivyo mwakani mtazikata kwa msumeno. Tundu za waya kwenye sanduku ndizo njia ya sisimizi na mijusi. Zibeni, lakini si kwa silikoni inayonuka siki, maana mvuke wake unakula shaba ya saketi.

Na saa. Hili limeharibu data nyingi za visiwani kuliko kutu. Loga nyingi huachwa kwenye saa ya Greenwich, na daftari letu linaandika saa ya Kiswahili. Saa 3 asubuhi kwenu ni 09:00 kwenye simu na ni 06:00 kwenye loga kama hiyo. Mtu akizichanganya, mvua ya usiku inaangukia siku isiyo yake. Njia ya kujua bila kumuuliza yeyote ni kutazama siku yenye jua kali isiyo na mawingu. Pemba jua hufika utosini baina ya saa 6 na dakika 5 na saa 6 na dakika 35 mchana, kutegemea mwezi. Ikiwa kilele cha mwanga kwenye data kimekaa kwenye 09:20, loga iko Greenwich. Msiibadilishe katikati ya msimu. Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari iko saa gani, na daftari liwe na saa za aina moja tu.

Zimebaki data za nyuma. Faili la asili lisiguswe kabisa. Fanyeni nakala na marekebisho yaingie huko. Unyevuanga ulioganda kwenye 100 futeni kuanzia siku ulipoganda, hauna cha kuokolewa. Mvua irekebisheni kuanzia ile siku ya kwanza ya manyunyu ya uongo, kwa kulinganisha jumla za mwezi na kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa kilichopo uwanja wa ndege wa Pemba, Chake Chake. Jumla za mwezi, si za siku, kwa sababu Pemba mvua ya mchana inaweza kunyesha Wete na Chake kukawa kukavu. Data za udongo msizifute hata moja mpaka muwe na zile sampuli tatu mkononi. Ukishapata hesabu ya mipinduko, namba ya mtungi wa chumvi, na grafu ya udongo ya mwezi mmoja usio na mvua, niletee vyote vitatu pamoja na tarehe, tuangalie kwanza kama bahari imefika.